Kichwa kimoja bei gani? Dhana potofu kuhusu kupiga picha wafanyakazi wa kampuni nzima

Simu ya kazi hizi huanza hivyohivyo. Ofisa wa rasilimali watu, sauti ya haraka: "Tuna wafanyakazi 200, tunataka kila mmoja apigwe picha ya wasifu. Kichwa kimoja bei gani?" Mpiga picha, akiogopa kazi isimponyoke, anataja namba palepale. Hasara huanzia hapo, maana swali lenyewe limeshabeba dhana potofu ya kwanza: kwamba kinachouzwa ni vichwa. Wewe unauza saa zako, pamoja na ruhusa ya kuzitumia picha.

Dhana: Picha ni dakika mbili tu, watu 200 wanaisha kwa siku moja

Mtu akikaa kwenye kiti bado hajapigwa picha. Kwanza anavua kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Unamnyoosha kola iliyojikunja. Anakwambia, "Mimi sitokagi vizuri," unamtania kidogo, unapiga picha tatu ambazo unajua fika utazifuta, ili mabega yashuke tu. Mwenye miwani ndiye anayekula muda: taa inang'aa kwenye vioo, unaipandisha, unamwambia ainamishe kidevu kidogo, unapiga tena. Kisha anataka kujiona kwenye skrini na kuchagua, na ni heri achague hapohapo kuliko akuandikie wiki ijayo.

Dakika 10 kwa mtu ni mwendo mzuri. Dakika 5 zinawezekana ukiwa na msaidizi anayewapanga mlangoni, koti limeshavaliwa na nywele zimeshachanwa.

Sasa chukua siku ya saa 8. Saa moja na nusu inaisha kwa kupandisha vifaa, kufunga taa na kitambaa cha nyuma, na kupima mwanga. Saa moja ni ya chakula na kupumzika. Nusu saa ya mwisho ni ya kufungasha. Zimebaki saa 5 za kupiga picha: watu 30 kwa mwendo wa dakika 10, au 60 kwa mwendo wa dakika 5. Watu 200 ni siku 7 au siku 4, na hapo hujamhesabu meneja aliyekwama kwenye kikao.

Ndiyo maana naulizia chumba kabla ya kutaja bei. Kikifungwa usiku na vifaa vikabaki ndani, kesho yake unaokoa zaidi ya saa moja. Dari likiwa fupi taa haipandi, na meza ya mikutano isiyohamishika inaweza kukusukumia kwenye korido wanapopita watu.

Dhana: Wakiwa wengi, bei ya kila mmoja lazima ishuke

Hii ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Usafiri, kufunga taa na simu za maandalizi ni gharama zilezile awe mtu mmoja au 30, kwa hiyo zikigawanywa zinakuwa nyepesi. Lakini wepesi huo unaishia pale siku inapojaa. Mtu wa 31 hakupunguzii chochote, anakufungulia siku ya pili: usafiri upya, msaidizi alipwe upya.

Kuhariri, kwa upande wake, hakujui jumla wala rejareja. Picha ya 200 inataka dakika zilezile za picha ya kwanza, na jicho likishachoka inataka zaidi. Tuseme dakika 12 kila moja: kuondoa chunusi ya jana, kusawazisha rangi ya ngozi, kufuta uzi kwenye bega, kukata picha ili macho yote yakae kwenye mstari mmoja ukurasa wa tovuti utakapopangwa. Mara 200, hizo ni dakika 2,400, yaani saa 40. Wiki nzima ya kazi mbele ya kompyuta, na mteja haioni.

Mimi huivunja bei mafungu mawili: siku ya kupiga picha, ikiwa na wasaidizi na vifaa ndani yake, halafu kila picha iliyohaririwa. Mteja akibembeleza punguzo, litoke kwenye fungu la kwanza. La pili naliacha lilivyo.

Dhana: Waliomo kwenye orodha ndio watakaokuja

Niliwahi kukubali kazi ya watu 120 kwa bei ya kichwa, bila neno lolote kuhusu wasiofika. Walikuja 87. Wasaidizi wawili niliwalipa siku mbili kamili, na kiti kilikaa kitupu saa nzima baada ya chakula. Mwezi uliofuata nikaombwa nirudi "nusu siku tu" kwa wale 33, kwa bei ileile ya kichwa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu karatasi ya makubaliano niliyoiandika mwenyewe ilikuwa kimya.

Siku hizi karatasi inasema: idadi ya chini itakayolipiwa ni hii, wafike wasifike, atakayezidi ana bei yake, saa za ziada zina bei yake.

Dhana: Kampuni ikishalipa, picha ni zake kwa matumizi yoyote

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao leo unazifunga nchi nyingi sana duniani, hulinda picha bila kulazimisha usajili. Nani mmiliki wa picha iliyoagizwa, hilo hutegemea nchi, na hata nchi moja hubadilika. Uingereza, chini ya sheria ya 1956, aliyeagiza picha na kuilipia ndiye aliyekuwa mmiliki wake wa kwanza. Sheria ya 1988 ikaligeuza hilo, mmiliki akawa mpiga picha, isipokuwa aliyepiga akiwa mwajiriwa kazini. Kwa hiyo usiachie mazoea, andika.

Ila tusiwe walafi. Kwa picha za wafanyakazi mimi hutoa ruhusa pana ndani ya bei: tovuti, ripoti ya mwaka, taarifa kwa vyombo vya habari, wasifu wa mfanyakazi mtandaoni. Ninachokiweka kando ni matangazo ya biashara na kuwapa watu wengine nje ya kampuni. Uso wa mhasibu kwenye bango la barabarani ni kazi nyingine na bei nyingine, na mhasibu mwenyewe aulizwe.

Dhana: Kumpa mteja picha zote ghafi, zisizohaririwa, hakuna gharama

Picha 15 kwa kila mtu, watu 200, ni mafaili 3,000. Faili ghafi la megabaiti 30 linakupeleka gigabaiti 90, na unazihifadhi sehemu mbili. Halafu ile uliyomkamata amefumba macho ndiyo itakayozunguka ofisini na jina lako.

Dhana: Kampuni kubwa hulipa bila shida

Inalipa, kwa kalenda yake. Ankara inaweza kukaa siku 30 au 60 huku msaidizi akitaka chake jioni ileile. Malipo ya awali yatoshe angalau kuwalipa watu na usafiri, tena yaingie kabla hujabeba taa.

Kuna na waajiriwa wapya, ambao huwa hawatajwi kwenye simu ile ya kwanza. Miezi mitatu baadaye wanakuja wanne, na picha zao zinatakiwa zifanane na zile 200. Bei yao naiandika kwenye karatasi ileile ya mwanzo, ikiwa na kiasi cha chini cha kulipwa kila ninapotoka kwenda kuwapiga. Na kabla sijafungasha siku ya mwisho, nachukua futikamba: kutoka kiti hadi taa, kutoka kiti hadi kitambaa, urefu wa stendi, lenzi gani. Yote yanaingia kwenye daftari, pamoja na picha ya simu inayoonyesha chumba kilivyokaa.