Lango la Mbao Linalotoka Nje ya Picha

Nikiletewa picha ya njozi iliyoundwa kwa rangi, karatasi na vipande vya mbao, siulizi kwanza ndege aliyechorwa humo ana maana gani. Nauliza: msanii huyu rangi alikuwa nayo mkononi, ubao aliutafutia nini?

Kazi ninayopenda kufundishia ni ya msanii Mjerumani Max Ernst, ya mwaka 1924, iliyoko katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York. Jina lake la Kifaransa lasema watoto wawili wanatishwa na ndege mwimbaji. Ernst alipaka rangi ya mafuta juu ya ubao, akabandika karatasi zilizochapwa, kisha akaweka lango la mbao, kibanda, na kifundo (kinundu kidogo kilichotokeza) kwenye fremu. Msichana mmoja ameshika kisu, mwingine amezimia. Juu ya paa mwanamume amembeba mtoto.

Sasa mtazame huyo ndege. Ni kadogo, kako mbali, na anga limetulia tuli. Wale waliokariri kwamba ndege ni uhuru na kisu ni ukatili hukwama hapa, maana kinachotisha hakimo kwenye ishara yoyote moja. Hofu inatoka kwenye tofauti kati ya kitisho chenyewe na fadhaa ya watu wanaokikimbia. Ndivyo jinamizi lilivyo: sababu ndogo, mbio kubwa.

Halafu lango. Lingechorwa tu, tungebaki salama upande wetu. Lakini limefunguka, limevuka fremu, na kivuli chake ni kivuli halisi kinachofuata taa ya chumba. Njozi imepata njia ya kutokea. Mwanamume naye anakinyooshea mkono kifundo, kitu kisicho na kazi yoyote ndani ya picha. Mimi hukisoma kama kengele ya hatari, ingawa sitagombana na anayeona kitasa cha mlango. Swali linalonisumbua zaidi ni kama anamwokoa yule mtoto au anamwiba, na picha haisemi.

Kingo za karatasi nazo huzungumza: iliyochanwa kwa mkono ina ghadhabu ambayo iliyokatwa kwa mkasi haina.

Kazi za namna hii zitazame pia kutoka ubavuni. Kwenye skrini ya simu, lango la Ernst hulala bapa pamoja na anga, na kifundo huonekana kama doa la rangi.