Rufaa hapa Texas sio raundi ya pili jamani

Juzi mzee mmoja kaja ofisini kwetu Houston na bahasha ya kaki imetuna hadi inataka kupasuka. Risiti, picha za gari, meseji za WhatsApp kaziprinti kwa rangi, na karatasi ina majina ya mashahidi watatu "wako tayari hata kesho". Kesi yake ya biashara ilishaisha na kashindwa. Nikamuuliza, mzee wangu, hivi vitu jaji aliviona? Akanijibu kwa fahari kabisa, hapana, hivi niliviweka akiba kwa ajili ya majaji wa rufaa.

Nilitamani kulia. Mimi kazi yangu ni kupanga mafaili ya rufaa na huyu si wa kwanza wala wa pili, kwa hiyo leo naandika ili siku nyingine nikutumieni tu linki.

Dhana: rufaa ni kesi kuanza upya

Hapana hapana hapana. Houston tuna mahakama mbili za rufaa, ya Kwanza na ya Kumi na Nne, zote ziko kwenye lile jengo la zamani la 1910 mtaa wa Fannin, kila moja ina majaji 9 na kesi yako inaangukia mojawapo kwa bahati tu. Kwa kawaida wanakaa majaji watatu. Hakuna juri, hakuna shahidi, hakuna mtu anaapishwa. Wanasoma faili la karani, wanasoma yale mwandishi wa mahakama aliyoyachapa neno kwa neno siku ya kesi, wanasoma hoja za pande zote mbili, na kesi nyingi hata mawakili hawaitwi kuongea. Kisichokuwemo humo kwao hakipo, hata kiwe video ya mwenzio anakiri mwenyewe.

Najua inakotoka hii dhana. Kule kwetu Afrika Mashariki, kama kesi maarufu ya Selle ya 1968 inavyosema, mahakama inayosikiliza rufaa kwa mara ya kwanza inaupima ushahidi wote upya yenyewe (ingawa hata kule kwa kawaida mashahidi hawaitwi tena, ila watu husahau hiyo sehemu). Halafu Texas nayo inachanganya, maana ukifukuzwa nyumba na mahakama ndogo ya JP (justice of the peace, ya kesi ndogondogo) una siku 5 za kukata rufaa kwenda mahakama ya kaunti na huko kweli inasikilizwa toka sifuri. Sasa jirani kashinda ya apatimenti kwa njia hiyo, basi anawaambia kanisa zima "rufaa unaanza upya". Ya apatimenti ni ya apatimenti!

Ninachowaomba kila siku: rufaa inajengwa siku ya kesi yenyewe. Jaji akikosea, wakili wako apinge hapohapo na jaji aamue, wakili akinyamaza mara nyingi hoja imekufa. Ushahidi ukikataliwa, wakili aeleze kwenye rekodi ulikuwa unasema nini. Na msikubali kesi iendeshwe bila mwandishi wa mahakama eti kubana hela, nawaona sana kwenye kesi za talaka. Ukikubali hivyo, majaji wa juu watachukulia kwamba ushahidi ulitosha kuunga mkono hukumu, na wewe huna ukurasa hata mmoja wa kuwaonyesha.

Dhana: nikishakata rufaa hawanigusi

Wanakugusa. Bila kuweka dhamana ya kuzuia utekelezaji wa hukumu, aliyekushinda anaweza kuanza kukusanya hela zake huku rufaa ikiendelea.

Dhana: jaji alikosea kwa hiyo nimeshinda

Kosa lenyewe lazima liwe limechangia matokeo. Na hata ukishinda, mara nyingi kesi inarudishwa chini, huondoki na hundi mkononi.

Dhana: nikishindwa naenda Supreme

Ipi? Texas kileleni kuna mbili, Supreme Court ya madai na nyingine ya jinai tupu, na zote kwa kawaida zinachagua kesi za kusikiliza. Hukumu ya kifo ndiyo inaruka moja kwa moja hadi ile ya jinai.

Dhana: muda bado upo

Kwa kesi nyingi muda wa kukata rufaa ni siku 30 toka jaji asaini hukumu, sio toka barua ikufikie. Ukiwasilisha ombi la kesi mpya ndani ya hizo 30 unapata hadi siku 90 toka hukumu isainiwe, na hapo ndipo mzee wangu alipopona kidogo maana alikuja siku ya 26. Ombi limeingia siku ya 28. Ila ukiomba kesi mpya kwa sababu ya ushahidi mpya, maana yake ni ule ambao hukuujua wala usingeupata hata ungetafuta, na bahasha yake ilikuwa kabatini muda wote, kaniambia mwenyewe.