Mwalimu Anayehamia Ujenzi wa Tovuti Haanzii Sifuri
Wengi hudhani kwamba mwalimu anayeacha darasa ili ajenge tovuti zinazofikiwa na watu wenye ulemavu hana cha kubeba, kana kwamba kazi hiyo ni ya misimbo pekee. Sivyo. Mwongozo wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kujenga tovuti za namna hiyo, na ambao toleo lake la 2.2 lilitolewa mwaka 2023 na W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti, unadai kila picha yenye maana iwe na maelezo ambayo programu ya kusoma skrini, kama NVDA, itamsomea asiyeona. Na aliyezoea kumweleza mwanafunzi asiyeona mchoro wa moyo anajua tayari lipi litajwe na lipi liachwe, ujuzi ambao naamini ni mgumu kuupata kuliko HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Hata hivyo, HTML lazima aisome kwa bidii, na ajizoeze kujaribu kila ukurasa kwa kibodi bila kipanya.