Wauguzi wa marika mawili, mgonjwa mmoja

Mgonjwa ameingia wiki ya pili kitandani bila uwezo wa kujigeuza. Muuguzi mwenye zaidi ya miaka 30 kazini anapitisha mgongo wa kiganja kwenye nyonga yake, anasita, anarudia palepale. "Hapa pana moto." Muuguzi kijana, mwaka wake wa kwanza wodini, anainama kuangalia na haoni kitu. Chuoni aliambiwa atafute wekundu, dalili ya kidonda cha kulalia kinachoanza, na ngozi ya mgonjwa huyu ni nyeusi. Wekundu hauonekani, ila joto na ugumu wa nyama hushikika kwa mkono. Mkubwa amepatia. Kisha anamimina spiriti kiganjani apasugue. Kijana anamzuia: "Sista, siku hizi hapasuguliwi." Naye amepatia. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro imeshakosa damu ya kutosha, na kuisugua ni kuiumiza zaidi. Kinachotakiwa ni kumgeuza mgonjwa ili pale pasilaliwe.

Dakika mbili baadaye wamenuniana, na mgonjwa yupo katikati yao, nyonga wazi.

Katika mafunzo kazini nasikia malalamiko yaleyale kila awamu. Wakubwa: vijana hawana wito, simu haiwatoki mkononi, zamu ikiisha hata dakika moja hawaongezi. Vijana: wakubwa hawabadiliki, wanatukaripia mbele ya wagonjwa, zamu za usiku na sikukuu ni zetu sisi. Hilo la zamu nilimalize hapahapa. Ratiba isiyo ya haki ni kosa la anayeipanga, na kuliita tofauti ya umri ni kumpa mahali pa kujificha.

Mengi yaliyobaki hayatokani na umri wa mtu. Yanatokana na mwaka aliosoma. Kusugua sehemu za mifupa kulifundishwa darasani na mtihani ukatungwa juu yake. Kumnyoa mgonjwa kwa wembe kabla ya upasuaji kulionekana ndiyo usafi wenyewe, mpaka ikathibitika kwamba wembe huacha mikwaruzo inayokaribisha vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema nywele ziachwe, na ikilazimu kabisa zipunguzwe kwa mashine. Kwa hiyo anayeshika wembe leo hakuwa mzembe. Alifaulu somo ambalo limefutwa, na hakuna aliyemwita kumweleza. Kijana anayemcheka ajue kwamba na lake moja au mawili yatafutwa.

Upande wa pili kuna ujuzi usioandikika kwa urahisi. Mtafiti Patricia Benner, katika miaka ya 1980, alieleza jinsi muuguzi anavyopanda hatua tano kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Mwanagenzi hushika kanuni, mojamoja. Bingwa humwona mgonjwa mzima kwa mara moja, na mara nyingi hawezi kusema amejuaje. Ndiyo maana ukimuuliza kwa nini ameagiza daktari aitwe, hujibu, "Huyu simpendi alivyo." Kijana husikia dharau, au ushirikina. Laiti angeuliza, "Umeona nini, sista?" na mkubwa akajilazimisha kutaja: amekaa akiegemea mikono, mabega yanapanda kila anapovuta hewa, tangu asubuhi hajamaliza sentensi.

Nami nikiri kuna jambo moja marika yote mawili hufanana: kuhesabu pumzi. Mashine nyingi za kitandani hutoa presha, mapigo na oksijeni, lakini pumzi huhesabiwa kwa macho na saa, dakika nzima. Matokeo yake wengi hukisia, na chati hujaa 20, 20, 20, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa amri. Na pumzi ndiyo hubadilika mapema mgonjwa anapozidiwa.

Ugomvi huu unamhusuje asiye muuguzi? Mtu aliyeaibishwa jana leo haulizi. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita moja. Anayechanganya vipimo hivyo na kuogopa kuuliza anaweza kumzidishia mgonjwa dozi mara nyingi. Kuna pia upande unaosahauliwa: kijana anayemnyang'anya mkubwa kompyuta akisema "lete nikuandikie." Anadhani amesaidia. Mkubwa hajajifunza, hataomba tena, na kesho ataandika kwenye kipande cha karatasi kitakachopotea mfukoni mwa sare.

Muda nao si mwingi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba muuguzi mmoja kati ya sita duniani angestaafu ndani ya miaka 10. Alichonacho mikononi asipokisema kwa sauti, anaondoka nacho. Mahali pazuri pa kukisema ni wakati wa makabidhiano ya zamu, kando ya kitanda badala ya mezani: mkubwa anaweka mkono wa kijana palipo na joto, kijana anaeleza kwa nini hapasuguliwi, saa ya kumgeuza inaandikwa, basi. Karipio, kama lazima liwepo, lisubiri chumba cha dawa.

Wagonjwa na ndugu zao nao huchochea bila kujua. "Wewe binti, niitie yule mama mtu mzima" ni kauli inayomvunja mmoja na kumtwisha mwingine kazi ya wawili. Ukiwa na wasiwasi na sindano unayochomwa, muulize aliyeishika, kijana au mkubwa: hii ni dawa gani, ya nini, kiasi gani? Na ukiona wawili wanashauriana juu ya kitanda chako kabla ya kuchoma, waache wamalize.