Ameacha Kutetemeka: Maswali na Majibu Kuhusu Baridi ya Jangwani

Mimi ni muuguzi hapa Arizona, jimbo la Marekani lenye jangwa. Kila majira ya baridi tunaletewa watu waliokwenda kupanda milima au kulala kwenye mahema, na wengi wao wamecheleweshwa na wenzao.

Kwani jangwani kuna baridi ya kumdhuru mtu?
Ipo, tena kali. Jiji letu la Phoenix liko mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini mji wa Flagstaff, saa mbili tu kwa gari, unapita mita 2,000. Unaondoka na fulana, unapokewa na theluji. Anga la jangwani ni kavu, halina mawingu ya kuzuia joto la mchana lisipotee. Jua likizama, baridi haikusubiri. Jinzi iliyolowa ndiyo mbaya kabisa, pamba ikilowa haikauki upesi.

Nitajuaje mtu anapoteza joto la mwili?
Joto lake limeshuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi. Anatetemeka, vidole vinashindwa kufunga zipu, ulimi unakuwa mzito, anajikwaa.

Alikuwa anatetemeka sana, sasa ametulia. Si amepata nafuu?
Hapana. Hajapata nafuu. Kutetemeka ndiko kunakomtengenezea joto. Akiacha naye bado ana baridi, ulimi mzito, anasinzia, basi mwili umeshindwa. Nimechoka kusikia, "Alitulia, tukamwacha alale."

Tusubiri kukuche tumwangalie?
Hapana! Pigeni 911, namba ya dharura, usiku huo huo. Simu ikikosa mtandao, mmoja abaki naye, wawili wafuate msaada. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni hadi kichwani, mlazeni juu ya godoro au mabegi, si juu ya mchanga. Msimtembeze, msimsugue mikono na miguu: moyo uliopoa ukishtuliwa unaweza kusimama. Chai ya sukari mpeni tu akiwa macho na anameza vizuri. Na nasema tena: kutulia kwake si kupona.

Pombe kidogo je?
Isiguswe. Inapeleka damu kwenye ngozi, mtu anahisi joto huku anazidi kupoa.

Na jiko la mkaa ndani ya hema?
Ndugu zangu, wengi tumekulia kwenye jiko la mkaa, ndiyo maana tunalizoea. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa vilevile, na kufungua zipu ya hema kidogo hakutoshi. Jiko libaki nje, hata kama mnaona limeshazimika.