Karavani za kati ya vita viwili vya dunia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mafundi wa Uingereza, Marekani na baadaye Ujerumani walianza kuuza kitu kipya: chumba cha kulala na kupikia juu ya ekseli moja, kilichoundwa makusudi kivutwe na gari la familia likienda matembezi. Karavani hizo za 1919 hadi 1939 zimebaki chache. Picha zake, hata hivyo, huzunguka mtandaoni kila siku zikiwa na maelezo ya kubahatisha, na mtu akishayasoma mara tatu huyachukua kuwa kweli. Nazipenda karavani hizi, na naamini anayetaka kuzijua aanze na jinsi zilivyoungwa: mbao gani, skrubu gani, jiko gani, magurudumu yamekaa wapi. Umbo na masimulizi ya mwuzaji vifuate nyuma.

"Ya pembepembe ni ya zamani, ya mviringo ni ya karibuni"

Hii inapotosha watu kuliko zote. Ni kweli kwamba karavani nyingi za awali za Eccles, kampuni ya Birmingham iliyoingia katika kazi hii mwaka 1919 chini ya baba na mwana wa ukoo wa Riley, zilikuwa masanduku yaliyosimama wima. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1920 Meja Fleming-Williams alikuwa akiunda Car Cruiser, zenye mbele iliyolala na nyuma iliyochongoka ili upepo upite bila kushika. Injini za magari zilikuwa na nguvu ndogo, na upepo ulikuwa mzigo wa pili juu ya ule wa mbao. Kwa upande mwingine, masanduku hayakufa. Yaliendelea kuuzwa miaka yote ya 1930 kwa sababu ukuta ulionyooka ni rahisi kuunda, kitanda na kabati hukaa bila kupoteza nafasi, na bei hushuka.

Kwa hiyo achana na umbo kwanza, uiname. Katika karavani nyingi za miaka ya 1920 mwili umewekwa juu kabisa ya chasi: sakafu iko mbali na ardhi, ngazi inahitajika, magurudumu yanaonekana yote. Kadiri miaka ya 1930 ilivyosonga, mwili ulishushwa na magurudumu yakaingia ndani ya matao yaliyokatwa ukutani. Ukikuta matao hayo yamefichwa chini ya viti vya ndani, unajua aliyeichora alikwishafikiria uthabiti barabarani.

Kisha tazama juu. Alama inayopendwa sana ya karavani za Uingereza ni kipaa kidogo kilichoinuliwa katikati ya paa, chenye vidirisha pande zote mbili. Wengi hukiona kuwa pambo. Kina kazi tatu: kinaingiza mwanga, kinatoa joto na moshi wa jiko, na kinampa mtu nafasi ya kusimama wima katikati huku kuta za pembeni zikibaki fupi zisibebe upepo. Ila kipaa peke yake hakithibitishi kwamba karavani ni ya kabla ya vita, kwa kuwa wapo watengenezaji walioendelea nacho baada ya 1945.

Shahidi mzuri zaidi ni jiko. Gesi ya mitungi ya Calor iliingia sokoni Uingereza mwaka 1935. Karavani inayodaiwa kuwa ya 1928 na ina bomba la gesi ukutani, basi bomba hilo liliongezwa baadaye. Haiwi bandia kwa hilo. Ilitumika, na mwenye nyumba aliboresha jiko lake kama watu wanavyofanya popote. Cha asili kingekuwa jiko la pampu la mafuta ya taa, pengine na kijiko cha makaa cha kupasha joto, na taa za mafuta.

Skrubu nazo husema. Zenye mfuo wa msalaba zilianza kuingia viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1930. Ukizikuta zimeshika fremu ya karavani ya Kiingereza ya 1931, hapo mkono mwingine umepita. Skrubu za shaba zenye mfuo mmoja ndizo za kutarajiwa.

"Beji na namba vitakuambia kila kitu"

Msomaji wa Kenya amezoea trela kuwa na namba yake yenyewe inayoanza na Z, hivyo ni rahisi kudhani karavani ya Uingereza nayo ina usajili wake unaoweza kufuatiliwa hadi mwaka wa kuzaliwa. Sivyo. Kule karavani hubeba namba ya gari linaloivuta, na ikibadilisha gari hubadilisha namba. Ndiyo maana makaratasi ya karavani za zamani ni haba sana, na ndiyo maana stakabadhi ya kiwanda, tangazo la gazeti la wakati huo au picha ya familia iliyoandikwa tarehe nyuma vina thamani kubwa kuliko rangi mpya.

Beji nayo huhama. Jina la Eccles liliendelea kutumika muda mrefu baada ya vita. Sam Alper, aliyeanzisha kampuni ya karavani ya Sprite, aliinunua kampuni hiyo mwaka 1960, na jina likaja kuonekana kwenye karavani za kisasa kabisa. Beji inakuambia ukoo, haikuambii umri.

"Airstream ndiyo iliyoanza na alumini"

Airstream Clipper ya 1936, karavani ya Kimarekani ya alumini, ni kazi nzuri, na Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, anastahili heshima yake. Iliuzwa dola 1,200 wakati Marekani ilikuwa bado haijatoka katika mdororo mkubwa wa uchumi. Lakini miaka miwili kabla yake, 1934, Hawley Bowlus alikuwa ameshatoa Road Chief, gamba la alumini lililofungwa kwa ribiti, yaani misumari ya kuunganisha mabati. Bowlus alikuwa mtu wa ndege: ndiye aliyesimamia karakana ya Ryan huko San Diego ilipojengwa Spirit of St. Louis, ndege ambayo Charles Lindbergh alivuka nayo Atlantiki mwaka 1927. Kilichoingia katika Road Chief ni ujuzi wa ndege hasa, ambapo gamba lenyewe ndilo linalobeba uzito. Clipper ilifuata njia hiyohiyo, na mlango ndio unaozitenganisha haraka: wa Road Chief uko mbele, wa Clipper uko ubavuni.

Tena, karavani nyingi za Wamarekani wa wakati huo hazikung'aa hata kidogo. Covered Wagon ya Detroit, iliyoanzishwa na Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria aliyekerwa na trela la turubai wakati wa likizo ya familia, ilikua ikawa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za kazi hiyo, na zake zilikuwa za mbao zilizofunikwa ngozi bandia. Byam mwenyewe alianza kwa kuuza michoro ili watu wajiundie nyumbani.

"Asili yake ni magari ya Waroma"

Kuna ukweli kidogo. Waroma wa Uingereza (jamii ya wahamaji, si Warumi wa kale) waliishi katika magari ya farasi yenye nakshi za kupendeza, na matajiri walivutiwa. Ila karavani ya starehe ina mstari wake. Mwaka 1885 Dkt. William Gordon Stables, daktari wa zamani wa jeshi la majini, alitengenezewa Wanderer na karakana ya mabehewa ya Bristol, akaenda nayo kwa farasi wawili mpaka Inverness, Uskoti. Mafundi wa mabehewa ya reli ndio walioiunda, na useremala wao ndio ulioonekana tena katika karavani za gari. Bertram Hutchings wa Winchester alianza na za farasi kabla ya Vita ya Kwanza. Kufikia miaka ya 1930 karavani zake za Winchester zilihesabika kuwa kati ya bora kabisa nchini. Usione vyaelea, vimeundwa.

"Zilihitaji gari kubwa" na "hazikufika nje ya Ulaya na Marekani"

La kwanza halina msingi. Zilikuwapo ndogo zilizoundwa kwa ajili ya magari kama Austin Seven, lenye injini ya sentimita za ujazo 747 tu. Huko Isny, Ujerumani, Arist Dethleffs, mtengenezaji wa mijeledi na fimbo za kuteleza thelujini, aliunda trela lake mwaka 1931 ili asafiri na Fridel Edelmann, mchoraji aliyetaka mahali pa kufanyia kazi. Paa lake liliinuliwa likisimama na kushushwa likiwa njiani.

La pili linakanushwa na Kongo. Mwaka 1938 Attilio Gatti, mvumbuzi wa Kiitaliano, alianza msafara wake Kongo ya Kibelgiji akiwa na matrela mawili makubwa yaliyovutwa na malori ya kampuni ya International, na kubuniwa na mchoraji wa magari Alexis de Sakhnoffsky. Hayakuwa ya familia. Yalikuwa tangazo la kibiashara lenye magurudumu, tena katika nchi iliyokuwa chini ya ukoloni, na anayezitazama picha zake leo aukumbuke upande huo pia.

"Ikarabati ing'ae kama mpya"

Hapa ndipo karavani nyingi zinaharibiwa na watu wenye nia njema. Watu husema ni mbao, ni imara. Kwa kawaida ni kiunzi chembamba cha mbao ngumu, juu yake plaiwudi, hadibodi, kitambaa au alumini, na paa la turubai lililopakwa rangi. Gundi za wakati huo nyingi hazikuhimili maji. Unyevu ukiingia kwenye kona ya paa hushuka ndani ya ukuta, na nje hakionekani kitu mpaka kiunzi kimeoza. Gonga kwa kidole chini ya madirisha na kwenye kona za chini. Palipo na mlio mfu pana kazi.

Kilicho adimu ni ndani: makabati ya awali, vitasa, meza inayogeuka kitanda, hata alama za masizi juu ya jiko. Nje huweza kuundwa upya na seremala mzuri. Ndani kukishang'olewa hakurudi. Nyingi zilizofika kwetu zilifika kwa sababu watu waliishi humo mwaka hadi mwaka, hasa wakati wa Vita ya Pili na baada yake nyumba zilipokuwa haba, kwa hiyo tabaka za rangi na marekebisho ni sehemu ya historia yake. Piga picha kila kitu kabla ya kukigusa, weka alama kwenye kila kipande unachotoa, na usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu: nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Kinga za kuzunguka jiko huweza kuwa na asbesto. Hizo mwachie mtu mwenye vifaa vyake. Tairi badilisha bila kutazama zimelika kiasi gani, maana mpira wa zamani hupasuka hata kama meno yake bado yako.