Treni ya abiria ya mikoani: ni nini, na Mtwara na Lindi zingepata nini

Treni ya abiria ya mikoani ni ile inayounganisha miji iliyo mbali, ikisimama kwenye stesheni za njiani, kwa ratiba ambayo watu wanaijua na kuitegemea. Tanzania tunazo. Ipo ya TAZARA, inayopita kwenye reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Zipo za reli ya kati ziendazo Kigoma na Mwanza. Na tangu mwaka 2024 ipo treni ya umeme ya SGR, iliyoanza Juni kwa safari za Morogoro na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Kusini hatuna hata moja.

Wengi wakisifia treni huanza na mwendo kasi. Ni kweli, kutoka Dar hadi Dodoma kwa chini ya saa nne ni nafuu kubwa kwa aliyezoea kumaliza siku nzima ndani ya basi. Ila kwa mkoa, naamini faida kubwa zaidi iko kwenye vituo vya katikati. Ndege inawaunganisha watu wa mwisho na mwisho tu. Basi la masafa marefu nalo likishajaa stendi ya Mtwara, abiria wa njiani anabahatisha kiti. Treni ina mabehewa mengi na inasimama, kwa hiyo safari moja inamhudumia anayekwenda mbali, anayeshuka nusu ya njia na anayepanda hapo hapo. Kule kati ya Mlimba, bonde la Kilombero, na Makambako, kuna vijiji ambavyo barabara zake ni mbovu kiasi kwamba treni ya TAZARA ndiyo inayowapeleka wagonjwa, wanafunzi na mchele.

Mchukue mchuuzi wa ng'onda wa Mikindani anayepeleka samaki wake Masasi. Alfajiri yuko barabarani na ndoo zake, anapunga mkono. Basi la kwanza linakataa kwa sababu ya harufu. La pili linakubali, lakini nauli ya mzigo inatajwa na konda papo hapo, na leo si ile ya juzi. Akifika, bei ya samaki wake inabeba gharama hiyo yote, na mnunuzi wa Masasi ndiye anayeilipa. Penye behewa la vifurushi na bei iliyobandikwa dirishani, mama huyu anaweza kupiga hesabu kabla ya kutoka nyumbani, hata akakopa kwenye kikundi chake akijua marejesho yatatoka wapi.

Hali ni hiyo hiyo kwa mgonjwa wa Nanyumbu mwenye kliniki ya kila mwezi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyopo Mtwara. Kinachomuumiza si nauli peke yake. Ni kulala mjini, kula mjini, na siku mbili za shamba zilizopotea. Treni inayokwenda asubuhi na kurudi jioni ingeifanya safari hiyo kuwa ya siku moja. Fundi, mwalimu na mfanyabiashara nao hivyo hivyo: eneo ambalo mtu anaweza kulifikia na kurudi nyumbani kwake linapanuka, na pamoja nalo kazi, wateja na huduma. Wanauchumi wakisema reli inakuza uchumi wa mikoa, sehemu kubwa ya wanachosema ni hiyo.

Stesheni yenyewe pia huzaa biashara. Aliyesafiri reli ya kati anawajua kuku wa Saranda. Kina mama wanakaanga wakijua treni inakuja. Lakini tusidhani jambo hili linajileta lenyewe. Treni za kisasa madirisha hayafunguki na stesheni zimezungushiwa uzio, hivyo vibanda vya wachuuzi visipowekwa kwenye ramani tangu mwanzo, wenyeji wanabaki nje ya fensi wakiitazama treni inapita.

Upo upande mwingine pia. Safari ikiwa rahisi, mwenye pesa wa mji mdogo anaweza kuacha duka la jirani na kwenda kununua mji mkubwa. Msimu wa korosho, malipo ya mnada yakiingia, wenye maduka wa Newala na Tandahimba wanaelewa ninachosema. Vilevile, nauli peke yake mara chache hutosha kurudisha gharama za kujenga reli. Serikali ndiyo huibeba, kama inavyobeba barabara ya lami bila kutarajia kila basi liilipe.

Kusini tuliwahi kuwa na reli. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mradi wa karanga ulivunjwa mwaka 1951. Reli ikabaki bila mzigo iliojengewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Ilitegemea zao moja, na zao hilo halikuwepo tena.

Nalisema hili kwa sababu reli inayopangwa sasa, ya Mtwara hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 1,000 pamoja na matawi yake, inaelezwa zaidi kwa makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mizigo hiyo inahitajika, na bila mizigo reli ndefu hivyo haijengeki. Lakini abiria wasiachwe wawe nyongeza. Watu wa Masasi, Tunduru na Songea hawamaliziki kama machimbo yanavyoisha, na ndio watakaoipa reli sababu ya kuendelea bei ya makaa ikishuka.

Reli hiyo haitatufikisha Dar. Inaelekea magharibi, kwenye mahindi ya Ruvuma na Ziwa Nyasa. Hata hivyo ingetupa njia ya pili ya kutoka. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Kibiti hadi Lindi, Mtwara na Lindi zilikaa siku kadhaa bila njia ya pwani, na magari yakapanga foleni Somanga. Reli nayo hukatika, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimesombwa na maji mara nyingi, lakini mkoa wenye njia mbili hauzingirwi kirahisi kama wenye moja.

Kwa hiyo michoro ikiletwa kwenye mikutano ya vijiji, maswali yapo. Stesheni ya Masasi itakuwa umbali gani kutoka stendi ya mabasi, na bodaboda watapaki wapi? Treni ya abiria itapita mara ngapi kwa wiki, na itafika saa ngapi? Ikifika saa nane usiku, mama wa ng'onda atarudi kupunga mkono barabarani.